Iache Iwake

Mama Pasi hatoki nyumbani kwake kabla hajazunguka. Anaanzia jikoni, anakaza mtungi wa gesi kwa mikono miwili kama anayekamua shuka. Anabana bomba mpaka likome kudondosha hata tone. Anachomoa redio, anachomoa feni, anachomoa chaja za simu ambazo hazina simu. Mwisho kabisa anaiendea pasi, na pasi hata kama haijawashwa tangu juzi lazima aiguse tumbo kwa kiganja chake, aisikie ubaridi wake, ndipo aamini.

Mumewe humsubiri mlangoni, kofia mkononi.

"Umeshawaaga wote?"

"Wewe cheka tu."

"Sicheki. Nauliza kama mlango nao umeshauaga, usije ukanuna."

Anayecheka ni yule asiyeijua meza. Meza ile ndiyo ofisi ya Mama Pasi, maana kazi yake ni kupiga pasi nguo za watu, na kwenye kona yake moja pana alama nyeusi ya tumbo la pasi iliyoingia ndani ya mbao. Siku alama hiyo ilipoingia aliitwa nje mara moja, akasema anarudi sasa hivi, akalikuta shati la bwana harusi limekuwa moshi na moshi umeshafika darini. Mwenye shati alimsema barabarani, watu wamesimama, wengine na watoto wao mkononi. Jina la Mama Pasi lilizaliwa siku hiyo. Alilipokea kwa kicheko kama linavyopokewa jina lolote la mtaani, lakini ndani ya nafsi yake hajajisamehe mpaka kesho.

Basi juu ya alama hiyohiyo ndipo binti yake alipoweka kompyuta.

Binti huyo mtaa mzima unamwita Injinia. Alikuwa ameajiriwa kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta, akiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na ofisini kwao viti vilikuwa vichache kuliko watu. Waliokuwa kwenye majaribio waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. "Mtoto anapewa kazi, meza hapewi," alisema baba yake, lakini alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu yeye mwenyewe, fundi rangi wa miaka mingi, mgongo ulikuwa umemkataza ngazi, na kazi ya yule mtoto ndiyo iliyokuwa tegemeo la nyumba. Mama Pasi akahamia upande mmoja wa meza na mablanketi yake ya kupigia pasi. Injinia akakaa upande wa pili.

Kwa hiyo mama alikuwa akiiona kazi ya mwanawe kila anapogeuza nguo. Ilikuwa michoro. Visanduku vyenye majina, na mistari inayotoka kisanduku hiki kwenda kile. Kisanduku cha Mgonjwa. Kisanduku cha Miadi. Kisanduku cha Dawa.

"Hivi visanduku vyote ni vya nini, mwanangu?"

"Ni mfumo wa kliniki, mama."

"Mbona kliniki yenyewe siioni?"

"Huu ni mchoro tu. Mfumo wenyewe bado haujajengwa." Injinia akatabasamu bila kuondoa macho kwenye kioo. "Hutaelewa, mama."

Hutaelewa. Neno hilo lilisemwa kwa upendo, bila dharau hata chembe, na ndilo lililoizaa shida yote inayosimuliwa hapa. Kila aliye na mama nyumbani alichunge mdomoni mwake.

*

Siku moja Injinia aliitwa ofisini ghafla. Alikuwa na mswaki mdomoni simu ilipolia, akatoka akivaa viatu njiani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Kompyuta aliiacha wazi mezani, inawaka, mchoro wake umejaa kioo kizima.

Mama hakuguswa na hilo kwanza. Alikuwa na nguo za kupeleka kwa mteja, mama mmoja mwenye duka ambaye akicheleweshewa hupiga simu na kukata, hupiga na kukata, kama anayemwita mbwa. Akazikunja, akazifunga kwenye shuka safi, akaanza kuzunguka. Gesi. Bomba. Redio. Feni. Pasi akaigusa tumbo, baridi. Alipopita karibu na kompyuta akasikia inavuma.

Akasimama. Akaweka kiganja chini yake.

Ilikuwa ya moto. Si ya kuunguza, lakini moto anaoujua yeye, ule wa pasi iliyoanza kushika. Na chini yake, palepale, ile alama nyeusi.

Akampigia binti yake. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mumewe alikuwa ameshatangulia kwenye mazoezi ya mgongo. Angechomoa waya tu basi, lakini alihurumia, akasema huenda mashine hizi zikikatwa ghafla huumia. Akaona afanye kwa ustaarabu, kama alivyomwona Injinia akifanya mara nyingi. Akakivuta kishale mpaka kwenye alama ya msalaba pembeni juu, akabonyeza.

Mashine ikamuuliza swali.

Lilikuwa swali la Kiingereza, na chini yake majibu matatu. Mama Pasi alisoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza cha darasa la saba alikiacha hukohuko darasani. Lakini kati ya maneno yale matatu, moja alilijua vizuri kutoka kwenye simu yake. Lile la kusevu. Yeye huwa anasevu kila kitu. Namba za wateja, namba za fundi bomba, namba za watu waliopiga kwa kukosea. Mtu mwoga ataulizwa kitu kihifadhiwe au kisihifadhiwe, ajibu nini?

Akasevu. Mchoro ukaondoka. Akaizima mashine, akasubiri mpaka mvumo unyamaze, akaigusa tena tumbo, akaifunika na kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe. Akatoka na mzigo wake kichwani, roho yake imetulia kabisa. Njia nzima alijisikia mama wa maana.

*

Injinia alirudi mchana, na alirudi anacheka. Alitupa mkoba kwenye kochi, akamkuta baba yake amelala chali sakafuni kama alivyoagizwa na daktari, na mama yake anapiga pasi sare za shule.

"Leo nimeona sinema ya bure," akasema. "Baba, unamkumbuka bosi alivyonilazimisha nibadilishe mchoro?"

"Yule wa kurahisisha?"

"Huyohuyo. 'Rahisisha, binti, rahisisha. Mgonjwa na mlipaji ni mtu mmoja, visanduku viwili vya nini?' Nikamwambia, bosi, si kila mgonjwa anajilipia. Akaniambia, 'Wewe umeajiriwa juzi.' Haya. Nikamfuta Mlipaji. Nikamfuta na Mlezi. Nikafuta mistari yao yote, nikavichukua vitu vyao nikavibandika kwa Mgonjwa. Sasa leo wamekuja watu wa kliniki wenyewe, na matroni wao, mama mmoja mnene, miwani huku kwenye pua." Akajishika ncha ya pua, akakunja uso. "Akautazama mchoro mpya, ile picha niliyomtumia bosi, akautazama, halafu akasema: 'Mimi nina mgonjwa wa miezi sita. Huyu atalipa kwa nini, kwa maziwa?'"

Baba akacheka, kisha akajishika mgongo. "Usinichekeshe nimelala, wewe."

"Chumba kizima kikaangua kicheko. Na bosi naye akacheka! Kisha akanigeukia mimi, mbele za watu: 'Nilikwambia uwe mwangalifu.'"

"Haa!" Mama akasimamisha pasi hewani. "Na wazo lilikuwa lake?"

"Lake mama, mia kwa mia. Akasema kesho asubuhi wanarudi, wanataka kuuona ule wa mwanzo, na kama haupo wanaipeleka kazi kwa kampuni nyingine. Na mimi barua yangu ya ajira inategemea kliniki hii hii. Watu wote wananitazama. Nikamjibu, dakika chache tu, bosi." Akavuta kiti, akakaa, akajinyoosha vidole. "Maana nilijua hatadumu na wazo lake. Sikuifunga kabisa ile programu tangu nianze kubadilisha. Ikiwa wazi inakumbuka kila nilichofanya. Naibonyeza inarudi nyuma hatua moja, inarudi tena, inarudi tena, mpaka nafika pale nilipokuwa kabla hajaleta ujuaji wake."

Mama alikuwa anasikiliza huku anatabasamu, anafurahi mtoto wake anavyosimulia. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi:

"Hiyo mashine yako nimeipumzisha. Ilikuwa ya moto balaa. Lakini usiwe na wasi, nimesevu."

Injinia akafunua kitambaa. Akawasha, akasubiri, akafungua programu, akafungua mchoro. Mama akamwona anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza palepale, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Umesevu," akasema mwishowe.

"Eeh. Kuna ubaya?"

"Mama. Ukifunga inasahau. Imesahau kila kitu. Na ulivyosevu, huu mbovu ndio umebaki."

*

Yaliyofuata si mazuri kuyaandika, lakini yasipoandikwa atafaidika nani?

"Kwani hukuwa na nakala nyingine?" aliuliza baba kutoka sakafuni.

"Sina! Nilikuwa naandika juu ya ileile. Niliitegemea iko wazi."

"Mimi nilikupigia simu," mama akasema. "Nilikupigia mara mbili."

"Nilikuwa kikaoni! Sasa ndiyo uguse? Kila kitu lazima ufunge? Unafunga bomba, unafunga redio, unafunga mpaka visivyokuhusu! Kwa ajili ya shati moja, nyumba nzima tunaishi kama kila kitu kitatuunguza!"

Pasi ikatoa mvuke peke yake. Mama Pasi akaishika pasi, akaichomoa, akaisimamisha kwenye kikalio chake cha chuma.

"Ni kweli nimefunga," akasema. "Sikatai. Lakini na mimi nikuulize. Kitu kimekaa mezani kwangu, napiga pasi ubavuni pake kutwa nzima, na hakuna aliyeniambia kikizimwa kinakufa. Ungenitamkia neno moja tu, mama, iache iwake. Ningekesha naipepea na ungo. Wewe kila nikiuliza unaniambia sitaelewa. Sawa. Sikuelewa."

Injinia akafunika uso kwa viganja. Baba akajigeuza ubavu, taratibu, akakaa.

"Mimi," akaanza, "mtu akiniambia nipake bluu, kesho aniambie rudisha nyeupe, siwezi kuifuta ile bluu. Napaka nyeupe juu yake. Sasa wewe huwezi kuchora upya?"

"Baba, nilichora mwezi mzima. Visanduku najua vingine, lakini mistari, na maneno yaliyokuwa juu ya mistari, upi unaelekea wapi, wangapi kwa wangapi. Nikikosea mmoja matroni anauona. Yule mama anaona kila kitu."

"Basi mwulize mtu wa kazini. Huyo mnayemwita Kobe."

"Nimwambie nini? Kwamba sikutunza nakala? Kosa la mtoto wa chuo? Jioni ofisi nzima itakuwa inajua."

Akachukua karatasi, akaanza kuchora visanduku kwa kalamu, anakumbuka huku machozi yanadondoka kwenye kisanduku cha Dawa.

Mama akatoka nje. Akasimama kwenye kamba za nguo, katikati ya mashuka ya watu, ambako hata akilia hakuna wa kumwona. Kwanza wazo lilimjia avae gauni lake la maana aende kwa huyo bosi, ampigie magoti, amwambie kosa ni langu, mtoto mwache. Alilibeba wazo hilo kama dakika nzima. Kisha akajiona mwenyewe amesimama kwenye ofisi yenye viti vichache, bosi anamwambia ngoja hapo nje, na mwanawe anapita mbele yake. Akaliacha.

Akatoa simu. Akapekua majina. Fundi Bomba Mpya. Fundi Bomba Yule Mwizi. Mama Duka. Na pale katikati, kwa herufi zake mwenyewe: Kobe wa Kazini. Siku moja Injinia simu ilimwishia chaji, akaitumia ya mama yake kumpigia huyo kijana, na mama, kama kawaida yake, akasevu.

*

"Halooo," ikasema sauti, polepole, kama inayoshuka ngazi.

"Baba, mimi ni mama yake Injinia."

"Aaah. Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Nina shida, na ninaomba iwe yetu sisi wawili."

"Haya... mama. Ngoja... nitoke nje."

Akasubiri. Alisikia mlango, alisikia hatua, alisikia mtu akivuta pumzi. Huyu mtoto, akawaza, akitumwa chumvi chakula si kitapoa? Kisha akamweleza yote, kwa lugha yake, bila kupunguza. Mashine ilikuwa ya moto. Nikaifunga. Ikaniuliza. Nikasevu. Sasa imesahau, na vile visanduku alivyovifuta havirudi tena.

"Mama," Kobe akasema. "Alivifuta... kwa kubonyeza wapi?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu?"

"Muulize. Alitumia kitufe cha kufutia, kile cha kwenye kompyuta pale pa kuandikia? Au alikibonyeza kisanduku chenyewe, ikatokea orodha, akachagua kufuta?"

Mama Pasi akarudi ndani, simu mkononi imewekwa sauti ya nje, akasimama kizingitini kama aliyeshika kaa la moto.

"Usinikasirikie. Yuko Kobe hapa. Anauliza ulifuta kwa kitufe gani."

Injinia akainua kichwa. Uso wake ulipita kwenye hasira, ukapita kwenye aibu, ukafika mahali pa mtu aliyechoka.

"Kwa kitufe cha kawaida," akasema. "Kwani kuna tofauti?"

"Upo... Injinia?" Kobe akauliza. "Chuoni mlitumia programu hii?"

"Hapana. Tulitumia nyingine. Hii nimeanza nayo hapo kazini."

"Ndiyo maana. Hii yetu, kile kitufe hakifuti kitu. Kinakiondoa kwenye picha tu. Kitu chenyewe kinabaki stoo. Ni kama... mama, uko hapo?"

"Nipo, mwanangu."

"Ni kama umeanua shati kwenye kamba, ukaliweka kabatini. Kwenye kamba halipo. Lakini shati lipo. Fungua lile dirisha la pembeni, Injinia, la kushoto."

"Nilishalifunga siku ya kwanza. Kioo changu kidogo, lilikuwa linanibana."

"Lifungue."

Akalifungua. Ikashuka orodha ndefu ya majina, herufi ndogo ndogo. Injinia akaitelemsha taratibu. Mgonjwa. Miadi. Dawa. Akaendelea. Baba, mgongo wake wote ule, alikuwa ameshasimama na kushika egemeo la kiti. Injinia akasimamisha kidole.

"Mlezi," akasoma. "Mlipaji. Mama, vipo. Vyote vipo."

Mama Pasi alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu kwenye kamba za nguo. Akakaa juu ya rundo la sare za shule alizokwisha kuzipiga pasi, na hakujali.

"Sasa kivute Mlipaji ukirudishe kwenye picha," Kobe akaelekeza. "Usichore mstari wowote. Kivute tu."

Akakivuta. Kisanduku kikatua karibu na Mgonjwa, na kabla hajaondoa kidole, mstari ukajichora wenyewe kati yao, na maneno yake juu, kama haukuwahi kuondoka. Akamvuta Mlezi. Mistari miwili ikatokea, mmoja kwa Mgonjwa, mmoja kwa Mlipaji.

"Nani kaichora hiyo?" mama akauliza.

"Hakuna. Ilikuwepo. Ilikuwa inasubiri ncha zote mbili ziwepo kwenye picha."

"Heee!" Baba akapiga paja. "Na mimi ningepata rangi ya hivyo ningekuwa tajiri."

"Vile ulivyobandika kwa Mgonjwa," Kobe akasema, "hivyo itabidi uvitoe kwa mkono, urudishe kwa wenyewe. Hapo hakuna ujanja. Halafu ukimaliza, sevu kwa jina jingine. Kila siku jina lake. Usiitegemee kumbukumbu ya programu iliyo wazi, umeme ukikatika ni yaleyale. Mimi... nilipoteza kazi ya wiki nzima hivyohivyo."

"Wewe?"

"Unadhani kwa nini siku hizi naenda polepole?"

Injinia akacheka, kicheko chenye makamasi. Mama akaichukua simu, akaipeleka mdomoni karibu kabisa.

"Mwanangu Kobe, siku ukiwa na nguo yoyote, hata soksi, niletee mimi."

*

Kazi iliyobaki waliimaliza giza linaingia. Vitu alivyokuwa amevibandika kwa Mgonjwa, Injinia alivitoa kimoja kimoja, na kila alipokitoa alikisema kwa sauti, na safari hii alieleza.

"Namba ya simu ya anayelipa. Hii niliirundika kwa mgonjwa, mtoto wa miezi sita akawa na simu."

"Irudishe kwa mwenyewe."

"Nairudisha. Sasa mama, mstari huu una nyota huku na moja huku. Maana yake mlipaji mmoja anaweza kulipia wagonjwa wengi."

"Kama mimi na nyinyi."

"Kama wewe na sisi."

Mama akaendelea kukunja sare alizozikalia, ambazo sasa zilidai kupigwa pasi upya. Baada ya muda Injinia akasema, akiwa bado ameangalia kioo:

"Mama, lile neno la shati. Nisamehe."

"Shati lenyewe lilikuwa baya. Rangi ya mchele mbovu. Nilimwokoa yule bwana harusi."

Baba alicheka mpaka akalazimika kulala tena chali.

Kesho yake Injinia aliporudi, mama alimsikia kabla hajamwona, maana alikuwa anaimba barabarani. Matroni ameukubali mchoro. Ameugonga kwa kalamu yake pale kwa Mlezi, akasema, "Huyu ndiye ninayemwona kila siku." Kliniki imebaki. Barua ya ajira imetoka, ipo kwenye mkoba, na mama aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, na mara ya pili akiwa amekaa.

"Na bosi amesemaje?" baba akauliza.

"Bosi amewaambia wageni, 'Mnaona? Mchoro wangu wa mwanzo ndio uliokuwa sahihi.'"

"Wake!" Mama akaruka. "Na wewe ukanyamaza?"

"Mama, barua ilikuwa bado mkononi mwake. Nilisubiri ainyooshe, nikaishika vizuri, ndipo nikanyamaza kwa raha zangu."

*

Tangu hapo yapo mambo mawili yaliyobadilika katika nyumba ile. Injinia hutunza nakala kila siku, kila nakala kwa jina lake, na moja huiweka nje ya nyumba kabisa. Na lile neno la kutoelewa halitamkwi tena, hata kwa mzaha. Aliye na mtoto wa kazi hizi asisubiri balaa kama hili. Amuulize kuhusu kitu kilichoko mezani, na asiporidhika na jibu aulize tena. Na mtoto naye ajibu. Jibu lenyewe huwa fupi.

Siku moja Injinia alikuwa anatoka kwenda ofisini, ambako sasa alikuwa na kiti chake. Akasimama mezani.

"Mama, leo kompyuta nakuachia. Inapeleka nakala ya kazi nzima kule tunakozitunza, itamaliza mchana. Ikizimwa katikati itabidi tuanze upya. Itapata moto, lakini ni moto wa kawaida. Iache iwake."

"Nimeelewa."

Zamu ya kutoka ilipomfikia mama, alizunguka. Gesi. Bomba. Redio. Feni. Pasi, akaigusa tumbo, baridi. Akafika kwenye kompyuta, inavuma. Akaweka kiganja chini yake. Ya moto. Mkono wake wa pili ulishaanza kwenda zake wenyewe kuelekea kwenye alama ya msalaba, akaurudisha. Akafikiri. Kisha akachukua vikalio viwili vya pasi, vile vya chuma vya zamani, akaiinua mashine taratibu, akaitua juu yake, upepo ukapata pa kupita. Ile alama nyeusi ikaonekana chini, na juu yake hakuna kilichokuwa kinaungua.

Mumewe alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Umeshawaaga wote?"

"Mmoja nimemwacha macho."

Mzee akamtazama mkewe, akaitazama taa ndogo ya kijani inayopepesa mezani, akamtazama tena mkewe. Hakutania. Mama Pasi akafunga mlango, akageuza ufunguo, akausikia ukishika. Akapiga hatua chache na mzigo wake wa nguo kichwani. Akasimama. Akarudi mpaka kwa mumewe, akamtia ule ufunguo mfukoni mwa shati, akaupapasa kwa nje kuhakikisha umekaa.

"Kaa nao wewe," akasema. "Nikikaa nao mimi, nitarudi kuizima."

Wakaondoka. Nyuma yao, kwa mara ya kwanza tangu shati lile, kitu kilikuwa kinawaka ndani ya nyumba yake na hakuna mtu, na yeye alikuwa anatembea.